Kasi Iliyofichwa Kwenye Bomba la Moshi

Mwaka 1963 kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, Italia, kilitoa skuta ya Vespa iliyobanwa kwa makusudi. Sheria ya barabarani ya nchi hiyo ilikuwa imechora mpaka: chombo chenye injini isiyozidi cc 50, nguvu farasi 1.5 na mwendo wa kilomita 40 kwa saa hakikudaiwa namba wala leseni, na kijana wa miaka 14 aliruhusiwa kukiendesha. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyebuni Vespa ya kwanza mwaka 1946, akaibuni na hii. Pistoni yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 38.4, ikipanda na kushuka milimita 43. Piga hesabu, utapata ujazo wa cc 49.8. Haikubaki nafasi ya kuongeza hata cc moja.

Lakini vijana wa Italia walikwisha kuona skuta zikifanya makubwa. Februari 1951 Dino Mazzoncini alipita na Vespa ya cc 125, iliyofunikwa bodi ya umbo la torpedo, kwa mwendo wa kilomita 171 kwa saa kwenye barabara ya Roma hadi Ostia. Agosti mwaka huohuo Romolo Ferri, akiwa juu ya Lambretta ya ujazo uleule, akafika kilomita 201 kwa saa kwenye barabara kuu kati ya München na Ingolstadt, Ujerumani. Vyombo hivyo havikuwa vya dukani. Kimoja kilikuwa na pistoni mbili zinazotazamana, kingine kilikuwa na pampu ya kushindilia hewa. Hata hivyo habari zilifika hadi gereji za vichochoroni: injini ndogo ya mapigo mawili ina akiba ya nguvu ambayo kiwanda hakijaitoa.

Hamu hiyo ya kasi ilikuza biashara ambayo bado ipo. Malossi wa karibu na Bologna walikuwepo tangu mwaka 1930, Polini wa karibu na Bergamo tangu mwaka 1945, na wote wawili waliingia kwa nguvu kwenye soko la vipuri vya kuongeza kasi. Vespa 50 ikapata silinda za milimita 47 zinazoipandisha hadi cc 75, kisha za milimita 55 zinazoifikisha cc 102, zote zikikaa juu ya krenki ileile. Skuta za kizazi kilichofuata, zenye injini za Minarelli na Piaggio za pistoni ya milimita 40, zikaletewa silinda ya milimita 47 inayouzwa kwa jina la "sabini", ingawa kwa hesabu ni cc 68. Mpaka wenyewe nao ulihama kidogo, kwani Umoja wa Ulaya umeweka kilomita 45 kwa saa kwa skuta za cc 50. Viwanda vikawa vinaubana mwendo huo kwa vitu vidogo: washa ndani ya variata inayouzuia mkanda usipande hadi mwisho, shingo nyembamba iliyochomelewa ndani ya ekzosi, na boksi la umeme linalokata cheche injini ikizidisha mizunguko.

Kuondoa vizuizi hivyo ni kazi ya mchana mmoja, na si ninayotaka kuizungumzia hapa. Ninazungumzia hatua inayofuata, pale mtu anapotaka injini yenyewe itoe nguvu ambayo haikuwa nayo. Hapo wengi hukimbilia silinda kubwa, na mimi naamini wanaanzia upande usio sahihi. Katika injini ya mapigo mawili kasi inatafutwa kuanzia nyuma, kwenye bomba la moshi, na inatafutwa kwa kipimo na kalamu kabla ya tupa.

Injini hii, tustroki kwa lugha ya gereji, haina valvu juu ya silinda. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu yaliyochongwa kwenye ukuta wa silinda. Ikipanda, inabana mchanganyiko ulio juu yake, na papo hapo inavuta hewa, petroli na oili kuingia chini yake, ndani ya nyumba ya krenki. Plagi ikipiga cheche, pistoni inasukumwa chini. Inafunua kwanza tundu la moshi, kisha milimita chache baadaye inafunua matundu ya pembeni, na mchanganyiko mpya unapanda kutoka kwenye nyumba ya krenki kuja kuchukua nafasi ya moshi. Kazi yote inakwisha kwa mzunguko mmoja wa krenki, wakati injini ya mapigo manne inahitaji miwili. Ndiyo maana chombo kidogo namna hii kinaweza kutoa nguvu nyingi.

Ugumu ni kwamba kwa muda fulani tundu la moshi na matundu ya kuingizia huwa wazi pamoja. Ni daladala ya saa kumi na mbili jioni: wanaoshuka na wanaopanda wanasukumana, na abiria aliyekwisha kulipa nauli anajikuta ameburutwa nje kupitia mlango wa pili kabla gari halijaondoka. Sehemu ya petroli inatoka bila kuungua. Harufu ile ya petroli na oili inayobaki kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe baada ya Vespa kuukuu kupita, au ufukweni wakati boti za uvuvi zinapowasha mashine alfajiri, kwa sehemu kubwa ni mafuta yaliyonunuliwa na hayakufanya kazi.

Katikati ya miaka ya 1920 Mjerumani Adolf Schnürle alipunguza hasara hiyo kwa kuyageuza matundu ya pembeni. Badala ya kuelekea tundu la moshi, mchanganyiko ulitupwa kuelekea ukuta wa upande wa pili, ukapanda juu, ukajipinda chini ya kichwa cha silinda na kuusukuma moshi mbele yake. Karibu kila tustroki iliyokuja baadaye inafuata njia hiyo. Ila bado kiasi kilikuwa kinaponyoka, na aliyepata njia ya kukirudisha alikuwa Mjerumani mwingine, mtu ambaye jina lake linastahili kujulikana na kila anayeshika spana ya pikipiki.

Walter Kaaden alizaliwa mwaka 1919 huko Saxony. Wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, kituo cha silaha za roketi. Baada ya vita alibaki upande wa mashariki, na katika miaka ya 1950 akakabidhiwa idara ya mashindano ya kiwanda cha MZ mjini Zschopau. Ujerumani Mashariki haikuwa na fedha za kushindana na Italia wala Japani. Alichokuwa nacho Kaaden ni subira na kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye kioo, na kifaa hicho akakielekeza kwenye bomba la moshi.

Tundu la moshi linapofunguka ghafla, hewa iliyobanwa inatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri ndani ya bomba kama wimbi la sauti. Bomba likiwa limenyooka tu, wimbi linapita moja kwa moja hadi mwisho wake. Bomba likianza kupanuka, sehemu ya wimbi inarudi nyuma ikiwa na mvuto: inafyonza moshi uliobaki, tena inasaidia kuuvuta mchanganyiko mpya kutoka chini. Mbele zaidi bomba likianza kubanwa tena, wimbi linarudi likiwa na msukumo. Likifika kwenye silinda wakati uleule ambao pistoni inakaribia kulifunga tundu, linaikuta petroli iliyoponyoka ikiwa shingoni mwa bomba na kuisukuma irudi ndani. Huyo ndiye kondakta anayemrudisha abiria wake kwenye gari. Pistoni inafunga mlango, na silinda inabaki imejaa kuliko ambavyo ujazo wake ungeruhusu.

Umbo hilo la bomba, jembamba mwanzo, nene katikati, jembamba tena mwisho, lilikuwa limeshaanza kuonekana kwenye pikipiki za DKW za Ujerumani Magharibi. Kaaden ndiye aliyelifanyia hesabu mpaka likatii. Aliliunganisha na sahani ya kuzunguka inayofungua njia ya hewa, wazo lililotokana na kazi ya Daniel Zimmermann, na akaongeza tundu la tatu la kuingiza mchanganyiko. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25, yaani 200 kwa kila lita moja ya ujazo. Hakuna injini iliyokuwa imefika hapo bila pampu ya kushindilia hewa.

Mwaka huohuo siri ikaondoka. Dereva wake, Ernst Degner, alikuwa akiongoza mbio za ubingwa wa dunia. Ukuta wa Berlin ulikuwa na majuma machache tu tangu uanze kujengwa. Septemba, kwenye mashindano ya Kristianstad nchini Sweden, injini yake iliharibika, na usiku ukikaribia Degner hakurudi Zschopau. Mkewe na watoto walikuwa wamevushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Degner alikwenda Japani kuwafanyia kazi Suzuki, akiwa na ujuzi wote wa Kaaden kichwani, na mwaka 1962 Suzuki wakachukua naye ubingwa wa dunia wa cc 50, darasa lililoanzishwa mwaka huohuo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa injini ya mapigo mawili kutwaa ubingwa huo katika darasa lolote. Miaka mitano baadaye Suzuki walikuwa na cc 50 yenye silinda mbili za cc 25 kila moja, gia 14, na mizunguko inayozidi 17,000 kwa dakika. Kaaden alibaki Zschopau, na alifariki mwaka 1996. Kila ekzosi yenye tumbo inayouzwa leo kwa ajili ya skuta ina kazi yake ndani.

Sasa hesabu yenyewe, maana si ngumu hata kidogo. Chukua injini ya cc 50 ambayo tundu lake la moshi linakaa wazi kwa digrii 190 kati ya 360 za mzunguko wa krenki, nawe unataka nguvu zake zote zije kwenye mizunguko 11,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 5.45. Tundu linakaa wazi milisekunde 2.88. Katika moshi wa moto wimbi linakwenda takriban mita 520 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo linasafiri mita moja na nusu, kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili. Umbali kutoka uso wa pistoni hadi pale bomba linapobanwa unatakiwa uwe karibu sentimita 75.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mizunguko 8,000 na utapata zaidi kidogo ya mita moja. Mwaka 1973 mwandishi wa pikipiki wa Marekani, Gordon Jennings, alizikusanya hesabu za namna hii kwenye kitabu cha mafundi wa kawaida, na tangu hapo hakuna sababu ya kubahatisha. Ukilifunga bomba la sentimita 75 kwenye skuta ambayo mkanda na gia zake zinaishikilia kwenye mizunguko 8,000, wimbi linarudi mapema mno, linapiga wakati mchanganyiko bado unaingia, na injini inakohoa. Mwenye skuta atasema ekzosi aliyouziwa ni mbovu. Ekzosi ni nzima, ila imetengenezwa kwa ajili ya injini inayozunguka kwa kasi nyingine.

Hapo ndipo inapotoka tabia ambayo kila aliyepanda skuta iliyochongwa anaijua. Chini haina kitu, inasuasua, kisha kwenye mizunguko fulani inaruka mbele kwa nguvu, na ukipita kidogo tu inakata. Wimbi linasaidia ndani ya kipande kifupi cha mizunguko, na nje ya kipande hicho linadhuru. Kadiri bomba linavyochongwa kwa ajili ya nguvu kubwa, ndivyo kipande hicho kinavyozidi kuwa kifupi. Skuta ya kwenda kazini, yenye foleni na matuta, inahitaji bomba lenye koni za mteremko mpole na nguvu iliyosambaa. Nimeona watu wakinunua bomba la mashindano kwa ajili ya safari ya sokoni, na siku zote mwisho wake ni mkanda ulioungua na petroli iliyokwisha njiani.

Silinda inakuja baada ya hapo. Matundu yake yanapimwa kwa sahani ya digrii inayofungwa kwenye ncha ya krenki. Unaigeuza krenki kwa mkono polepole, unamulika kwa tochi kupitia tundu la moshi, na unaandika namba pale ukingo wa pistoni unapoanza kuachia mstari mwembamba wa mwanga. Kwenye injini ya Minarelli ya cc 50, ambayo pistoni yake inatembea milimita 39.2, ukilinyanyua tundu la moshi kwa milimita moja unaongeza karibu digrii sita za kukaa wazi. Milimita moja tu, nayo haina njia ya kuirudisha, kwa kuwa chuma kilicholiwa na tupa hakirejei. Kila unapolinyanyua, nguvu inahamia kwenye mizunguko ya juu zaidi na chini kunapoa. Upana nao una kikomo. Tundu likizidi takriban theluthi mbili ya kipenyo cha silinda, ringi ya pistoni inaanza kutokeza ndani yake, na siku moja inanasa kwenye ukingo na kukatika. Kwa sababu hiyo kingo zote zinasuguliwa kwa msasa mwembamba hadi kidole kikipita kisihisi ncha.

Kwenye mizunguko 12,000 pistoni hiyo ndogo inakwenda kwa wastani wa karibu mita 15.7 kwa sekunde, ikisimama na kugeuka mara 400 kila sekunde. Beringi za krenki za bei ya chini, zilizotosha kwa mwendo wa kiwandani, hazivumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Anayebadilisha silinda bila kugusa beringi na sili za krenki ataifungua injini tena, na safari ya pili kwa gharama kubwa zaidi.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kinafanywa kwa waya laini wa risasi, ule ambao mafundi redio huchomelea. Unapinda kipande chake, unakiingiza kwenye tundu la plagi hadi kiguse ukuta wa silinda, unaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ipite juu kabisa, kisha unakitoa. Ncha ya waya inatoka imebanwa kuwa bapa. Unaipima kwa kalipa, na unene huo ndio mwanya uliopo kati ya ukingo wa pistoni na kichwa cha silinda pistoni ikiwa juu. Kwa injini ndogo kama hizi mwanya wa milimita 0.8 hadi 1.0 unafaa kwa barabara. Pistoni inapofika juu, mchanganyiko ulioko pembezoni unabinywa kuelekea katikati, unachanganyika vizuri na kuungua haraka kabla joto halijauwasha wenyewe. Mwanya ukiwa milimita mbili, mchanganyiko wa pembezoni unabaki umelala, unalipuka ovyo, injini inagonga na uso wa pistoni unaanza kulika vishimo. Mwanya ukiwa mdogo mno, chuma kinagusana na chuma. Marekebisho yanafanywa kwa gasketi ya chini ya silinda, nene au nyembamba, na gharama yake ni ndogo kuliko kipuri kingine chochote kwenye kazi hii yote. Ajabu ni jinsi watu wengi wanavyoweka silinda mpya na kukaza nati bila kupima kitu hiki.

Silinda iliyojaa zaidi inataka petroli zaidi. Kabureta ya milimita 12 iliyokuja na skuta nyingi za injini ya Minarelli hubadilishwa kuwa ya 17.5, na jeti zinachaguliwa upya. Namba kwenye jeti ya kabureta za Dell'Orto ni kipenyo cha tundu lake kwa mia za milimita: jeti ya 80 ina tundu la milimita 0.80. Siku zote anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inatosha, halafu shuka polepole. Petroli ikizidi, injini inakuwa nzito na plagi inalowa, lakini hakuna kinachovunjika. Petroli ikipungua, moto unakuwa mkali, pistoni ya alumini inatanuka kuliko silinda ya chuma iliyoizunguka, oili inasukumwa kando, na ghafla gurudumu la nyuma linajifunga barabarani. Injini imenoki. Dakika moja kabla ya hapo skuta huwa inakimbia kuliko siku zote, na dereva hufurahi bila kujua anachokisikia ni nini.

Plagi ndiyo inayosema ukweli. Unaendesha kwa nguvu zote kwenye barabara tupu, unabana klachi na kuzima injini papo hapo bila kuiacha ilegee, unasimama na kuifungua plagi. Kahawia ndani ya kikombe cha plagi ni salama. Weupe unakuambia uongeze jeti kabla hujaiwasha tena. Kwenye skuta ya mkanda, isiyo na klachi ya mkono, unaizima kwa swichi ukiwa bado umevuta eksileta hadi mwisho.

Kwa wasomaji wa huku kwetu kuna jambo ambalo mafundi wa Bologna hawalazimiki kulifikiria kila siku. Mbeya na Nairobi ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini iliyopangiwa jeti Nairobi, ikakimbia vizuri huko, ikiteremshwa Mombasa inakutana na hewa nzito kwa jeti ileile ndogo. Petroli inapungua kwa hewa iliyopo, joto linapanda, na pistoni inashika. Anayeteremka abebe jeti kubwa mfukoni. Mteremko mrefu una hatari nyingine juu ya hiyo. Tustroki inayochanganyiwa oili na petroli inapata oili yake kupitia njia ileile ya petroli, kwa hiyo ukishuka mteremko wa Kitonga eksileta imefungwa huku gurudumu likiizungusha injini kwa kasi, pistoni inazunguka karibu kavu. Bana klachi kila baada ya muda, au fungua eksileta kidogo ili oili ipite.

Kiasi cha oili nacho kinabishaniwa sana. Asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa lita au mililita 100 kwa galoni ya lita tano, ndicho kipimo cha kawaida cha Vespa za miaka ya baadaye, na wavuvi wanakijua kwa mashine zao za boti kama moja kwa hamsini. Anayeongeza oili ovyo kwa kudhani anailinda injini anasahau kwamba oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti. Ukiizidisha mno unaipunguzia injini petroli, na unaweza kuinokisha kwa oili.

Kuhusu upande wa mkanda nitasema machache, ingawa ndipo nguvu nyingi hupotea. Ndani ya variata kuna rola ndogo zinazosukumwa nje na mzunguko na kuupandisha mkanda. Rola nyepesi zinachelewa kusukumwa, kwa hiyo injini inaachiwa ipande mizunguko kabla mkanda haujabadilika. Ukiwa umekokotoa kwamba bomba lako linafanya kazi kwenye 11,000, unabadilisha rola kwa gramu chache, au hata nusu gramu, hadi skuta ikae hapo tangu inapoondoka hadi inapomaliza mwendo. Kwenye Vespa ya gia kazi hiyo inafanywa na meno ya gia ya kwanza inayotoka kwenye klachi, na inatakiwa kuifungua injini nzima.

Nguvu ya kuukata upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka kilomita 45 hadi 90 kwa saa hewa pekee inadai nguvu mara nane, na ndiyo maana kilomita 10 za mwisho zinagharimu kuliko 30 za kwanza tangu skuta ilipokuwa imesimama. Breki nazo zinadaiwa. Chombo kilichoongezwa mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kina nishati mara nne ya kuzimwa, na breki za ngoma za Vespa 50, ndogo za kutosha kushikwa kiganjani, zilipimwa kwa ajili ya hiyo 40. Kwangu mimi pesa ya kwanza ingekwenda kwenye viatu vya breki, waya mpya, matairi na shokomzoba. Ndipo bomba. Ndipo silinda.

Barabarani Ulaya, skuta ya cc 50 iliyochongwa si skuta ya cc 50 tena mbele ya sheria, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa. Kiwandani nako njia imefungwa. Kanuni za moshi za Euro 5, zilizoanza kubana skuta mpya mwaka 2020 na 2021, zimeziondoa tustroki karibu zote kwenye maduka. Aprilia walijaribu mapema, mwaka 2000, kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la moshi kufungwa, ili isiponyoke. Lilikuwa wazo safi, na nasikitika kwamba halikuenea.

Kati ya zilizobaki, na ni nyingi mno, baadhi zinakimbizwa kwenye viwanja vya kart. Italia, Ufaransa na Ujerumani zina mashindano ya skuta kwenye njia hizo fupi za kona nyingi, ambako cc 68 zilizochongwa kwa uangalifu zinaziacha pikipiki kubwa zaidi kwenye kona. Mafundi wa huko husafiri na boksi la jeti, boksi la rola na mabomba mawili au matatu ya urefu tofauti. Asubuhi kukiwa na baridi wanaweka jeti kubwa, jua likipanda wanashuka namba moja, na kila mzunguko wa kiwanja unaandikwa kwa sekunde kwenye daftari.